Naomba ushauri: chokoleti kutoka Dubai itavumilia joto la Tanga?

Duka la Kona, Ngamiani

Salaam ndugu zangu. Nina duka la bidhaa mchanganyiko hapa Ngamiani, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikiagiza chokoleti kwa muuzaji wa jumla wa Dar es Salaam, ambaye hunitumia kwa basi. Mwezi uliopita, kaskazi ikiwa imepamba moto, umeme ulikatika kuanzia saa nne asubuhi hadi magharibi, na katoni mbili zikalainika stoo. Zilipoganda tena zilikuwa na weupe juu, kana kwamba zimepakwa majivu, na mteja mmoja alinirudishia yake akidai nimemuuzia kitu chenye kuvu. Sasa shemeji yangu aliyeko Dubai ananishauri niingize milioni 10 katika kontena la kuchangia linalopakiwa mwezi ujao, kwa kuwa bei ya kule ni nafuu. Fedha hiyo ninayo, ila ndiyo yote niliyo nayo. Je, niingie?

Fundi wa Kiwandani

Ndugu wa Ngamiani, pole kwa hasara. Ule weupe si kuvu. Mafuta yanayoshikilia chokoleti halisi ni siagi ya kokoa, ambayo huanza kulegea kabla joto halijafika nyuzi 30 na huyeyuka kabisa ikikaribia 34 au 36, ndiyo maana chokoleti hulainika mdomoni. Siagi hiyo inaweza kuganda kwa maumbo sita tofauti, na kiwandani huongozwa kwa joto maalumu ili igande kwa umbo moja tu, lile linaloipa mng'ao na mlio inapovunjwa. Ikiyeyuka stooni kwako na kuganda yenyewe, mpangilio huo unavurugika, kisha mafuta yanapanda juu na kuganda kama majivu. Hailetei mtu ugonjwa, lakini huwezi kumlazimisha mteja aamini hivyo.

Kuna weupe wa aina nyingine ambao wauzaji wengi wa pwani hujitengenezea wenyewe. Chokoleti ikitolewa kwenye friji na kufunguliwa papo hapo katika hewa yetu yenye unyevu, hutoa jasho, lile jasho huyeyusha sukari ya juu, na maji yakikauka sukari hubaki ikikwaruza ulimi. Iache ndani ya katoni iliyofungwa hadi ubaridi uishe, ndipo uifungue. Stoo nzuri ni ya nyuzi 15 hadi 18, isiyo na unyevu.

Kabla ya kununua chochote, soma orodha ya viambato. Ukikuta mafuta ya mise (kiini cha chikichi) au mafuta mengine ya mimea yametajwa mahali pa siagi ya kokoa, hiyo ni chokoleti ya kuiga, ambayo kwa kawaida huvumilia joto zaidi na huuzwa kwa bei ndogo. Sioni aibu kuiuza, mradi usimwambie mtu ni halisi. Kwa kiwango cha kimataifa cha Codex, chokoleti ya kawaida, isiyo ya maziwa, inapaswa kuwa na angalau asilimia 35 ya kokoa, na ndani yake asilimia 18 iwe siagi ya kokoa.

Wakala Mstaafu

Mimi nitazungumzia hesabu. Chokoleti iko chini ya namba 1806 katika orodha ya forodha. Hadi wakala wako atakapokuthibitishia kiwango cha mwaka huu, kadiria kwa ngazi ya juu ya ushuru wa Afrika Mashariki, yaani asilimia 35. Mzigo wa milioni 10, nauli na bima zikiwemo, utatozwa ushuru wa milioni 3.5, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya 13.5, ambayo ni milioni 2.43. Umeshafika milioni 15.93 kabla ya ushuru wa bidhaa, tozo nyingine, bandari na malipo ya wakala. Je, shemeji alikutajia hayo?

Tangu mwaka 2019 usajili na ukaguzi wa chakula uko TBS, shirika la viwango, si kwa waliokuwa TFDA, mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, kwa hiyo bidhaa yenyewe na stoo yako zote zinahusika, na cheti cha ubora hutafutwa kabla mzigo haujapakiwa. La mwisho ni kontena lenyewe. La kuchangia kwa kawaida ni kavu, yaani halina mashine ya baridi, na likikaa juani joto la ndani linaweza kupita nyuzi 50. Hapo utakuwa umesafirisha uji.

Mpenda Faida

Wazee mnamtisha kijana. Maduka makubwa yanaleta na yanauza.

Wakala Mstaafu

Yanaleta kwa kontena la baridi, na yana jenereta. Yeye ana stoo ya mabati.

Mama wa Chumbageni

Mwanangu, kabla ya Dubai tazama nani anaingia dukani kwako. Kwangu watoto wa shule hununua vile vidogo vya shilingi mia mbili mia mbili, na havijawahi kunidodea. Chokoleti kubwa za kufungwa vizuri huondoka karibu na Idi na mwezi wa kumi na mbili, basi. Agiza kidogo kidogo, mzigo usafiri usiku, na mtu wako awepo stendi kuupokea alfajiri kabla jua halijachomoza. Friji iwe ya chokoleti peke yake, maana inanyonya harufu upesi. Mimi niliwahi kuiweka na nguru, na mteja wa Tanga ana pua.

Duka la Kona, Ngamiani

Nawashukuru sana, na shikamoo mama. Jana nilinunua kipimajoto nikakitundika stoo. Saa tisa alasiri kilisoma 34, na umeme ulikuwepo. Nimemwambia shemeji kontena hilo liende bila mimi, na kwamba tutazungumza kusi ikikolea, nikishapata chumba chenye kiyoyozi. Zile katoni mbili amezichukua dada mmoja anayeoka keki Raskazone, kwa nusu bei, akasema yeye ataziyeyusha tena hata hivyo.