Mnyama anayebweka kama mbwa huko Malaysia: ni paa gani huyu?

Dereva wa Lugazi: Wakuu, salaam. Dada yangu anafanya kazi za nyumbani Malaysia, pembeni mwa msitu. Juzi usiku alinirekodia sauti: mbwa anabweka mara moja, ananyamaza, anabweka tena, karibu nusu saa. Kumbe si mbwa! Wenyeji wanamwita kijang. Bosi wake akamwonyesha picha: mwekundu, kimo cha mbuzi, pembe fupi, na chonge mbili zimechomoza mdomoni. Mimi nimekulia kando ya msitu wa Mabira, hapa Uganda; ntalaganya, wale paa wetu wadogo, nawajua, hawana meno hayo. Huyu ni paa gani?

Mzee wa Msituni: Huyo si paa, kijana wangu. Wazungu humwita muntjac, na ni kulungu hasa, wa jamii ambayo pembe hudondoka zikaota upya. Ntalaganya na pongo wetu pembe zao ni za maisha, ikivunjika ndiyo basi. Afrika nzima kulungu wa asili wako kaskazini tu, kama Algeria na Tunisia.

Chonge kubwa ni za dume. Madume wakigombana, pembe ni za kusukumana hadi mmoja ayumbe, halafu chonge ndizo zinazochana. Ukitazama vizuri picha hiyo utaona pembe zimesimama juu ya vigingi viwili vya mfupa vyenye manyoya, vinavyoshuka hadi usoni. Jike hapo ana vishungi vya nywele.

Kubweka ni kushtuka: amenusa adui na hamwoni vizuri. Anaweza kuendelea saa nzima. Pongo naye hubweka. Usiku wangu wa kwanza kulala Mabira nilidhani kuna kijiji jirani, wenzangu wakanicheka mpaka asubuhi.

Nalongo: Mzee, anakula majani tu?

Mzee wa Msituni: Majani machanga na matunda yaliyoanguka, nyabo. Lakini mayai ya ndege haachi, na mzoga akiukuta anaonja.

Fundi wa Maabara: Mmesahau jambo kubwa. Muntjac wa India, jike ana kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 6, dume 7. Hakuna mnyama anyonyeshaye anayejulikana kuwa na chache kuliko hizo. Binamu yake wa China ana 46, sawa na mimi na wewe, na ukiwaweka pamoja utadhani ni ndugu wa tumbo moja.

Dereva wa Lugazi: Asanteni. Nimemsomea dada majibu yote. Ya kromosomu hakuyajali, ameuliza moja tu: huyo adui aliyenuswa juzi, sasa yuko wapi?