Naomba ushauri: kitufe cha kuita msaada kwa mama anayeishi peke yake

Habari zenu wakuu. Mama yangu yuko Kibosho, Moshi. Mimi kazi iko Arusha, kilomita kama 80. Tangu apooze upande wa kulia hataki kuhamia kwangu, anasema migomba yake atamwachia nani. Namwelewa kabisa. Ila mwezi uliopita alianguka bafuni usiku, simu iko chumbani, akalala sakafuni mpaka jirani alipoleta maziwa asubuhi. Bado inaniuma.

Kuna vifaa vya kuvaa shingoni, vyenye laini ya simu: ukibonyeza kitufe kinapigia namba ulizoweka, moja baada ya nyingine. Aliyewahi kumnunulia mzazi, kinastahimili maji? Chaji inakaa siku ngapi? Na mkono wa kushoto pekee utatosha kukibonyeza?