Mrejesho: chatu wangu aliyegoma kula

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini chatu wangu, yule wa aina ndogo anayejiviringa duara akiogopa, amegoma kula na usiku kucha anasugua pua kwenye kioo cha kizimba chake. Wengi mlinishauri nianze na joto, unyevu na mahali pa kujificha. Sasa anakula!

Upande wa joto unakaa kwenye nyuzi 32, wa baridi 26, na unyevu umepanda hadi asilimia 65 hivi. Ila kilichomtuliza zaidi, kwa maoni yangu, ni vijumba viwili vya kujificha, kimoja kila upande, vya kubana kiasi kwamba mwili wake unagusa kuta. Kikiwa kimoja tu, nyoka analazimika kuchagua kati ya joto na usalama.

Macho yalimgeuka rangi ya bluu yenye ukungu, kisha akajivua gamba zima kwa mkupuo, hadi ncha ya mkia na vile vifuniko vyembamba vya macho. Baada ya hapo akadaka panya bila kusita. Akishakula simshiki kwa saa 48, asije akatapika.

Mdau aliyesema nyoka hajui raha wala karaha, hapo sikubaliani naye hata kidogo. Akiogopa anaficha kichwa katikati ya mwili. Akitulia anapita mkononi mwangu polepole, ulimi ukitoka na kuingia.

Pua nayo imepona, limebaki kovu dogo juu ya mdomo.