Tupeane uzoefu: alama gani ya samaki wa baharini haijawahi kukuangusha?

Kipezi
Wakuu, salaam. Kila ikiwekwa picha ya samaki hapa, nusu ya majibu ni "changu huyo", nusu ni "wapi, tembo", na wote wanataja rangi. Rangi mimi siiamini. Samaki akiogopa inabadilika, akifa inafifia, akilala kwenye barafu ndiyo kabisa. Tuambiane: ukishika samaki usiyemjua, unaangalia wapi kwanza?

Naanza. Changu doa (Lethrinus harak) na tembo (Lutjanus fulviflamma) wote wana doa jeusi ubavuni, ubishi unaanzia hapo. Mimi napitisha kidole gumba shavuni, chini ya jicho, kutoka nyuma kuja mbele. Shavu la changu linateleza, halina gamba. La tembo linakwaruza, lina magamba. Bado una shaka? Mtanue pezi la mgongoni. Miba ni 10 kwa wote wawili, lakini vijiti laini vinavyofuata ni 9 kwa changu, na kwa tembo vinaanzia 12.

Mama Nyavu
Asante mkuu. Mimi niseme habari ya tasi, wengine mnamwita tafi. Marehemu baba alikuwa hamtaji samaki jina mpaka amgeuze tumbo juu. Kwa tasi alikuwa anaonyesha mapezi mawili ya tumboni: kila moja lina mwiba mbele na mwiba mwingine nyuma, katikati vijiti laini vitatu. Sijaona samaki mwingine wa hivyo. Ongeza miba 13 ya mgongoni na 7 ya pezi la nyuma ya tumbo, jamii nzima ya Siganus ndivyo ilivyo.

Kuhusu rangi naunga mkono. Nimemtazama tasi kwenye ndoo: ameingia wa kijivu mwenye vidoa vyeupe, kufumba na kufumbua kawa na mabaka meusi kama kavaa nguo nyingine. Na hesabuni kwa macho jamani, si kwa vidole! Miba ile ina sumu, maumivu yake si ya mchezo.

Mwana wa Ngalawa
Nguru na mzia. Wote warefu, wote meno makali, na wauzaji wengine wanachanganya makusudi. Angalia kati ya pezi la nyuma na mkia: nguru ana msururu wa vipezi vidogo juu na chini, mzia hana. Mzia taya la chini limetangulia, na mapezi yake mawili ya mgongoni yako mbalimbali. Nguru na kanadi, ndugu yake wa karibu, ndio kazi zaidi, hapo fuata mstari wa ubavuni. Wa nguru (Scomberomorus commerson) unaporomoka ghafla chini ya mwisho wa pezi la pili la mgongoni.

Taa Mkubwa
Fupi tu. Papa au taa? Nyufa za kupumulia zikiwa ubavuni ni papa, zikiwa chini ya tumbo ni wa jamii ya taa, hata akiwa na mkia na mapezi ya papa.

Msomi wa Mwamba
Mmesahau pono. Nikiwa chuoni mwalimu alituwekea mezani wawili, mmoja wa kahawia, mmoja kijani na waridi, akatuambia tuandike majina. Darasa zima tukaandika spishi mbili. Kumbe ni spishi moja: wengi wa jamii hiyo huanza wakiwa majike, baadaye hugeuka madume na rangi zinageuka nao. Msijione wajinga, hata wataalamu wa zamani waliwapa jike na dume wa pono mmoja majina mawili ya kisayansi.

Halafu Kipezi, hao wawili wako, changu doa na tembo, wote alianza kuwaeleza Forsskål, mtaalamu wa viumbe wa zamani, maelezo yakachapishwa 1775 baada ya yeye kufa, na wote aliwaweka jenasi moja (kundi la spishi za karibu), Sciaena. Ndiyo maana leo jina lake linaandikwa ndani ya mabano baada ya jina la samaki: jenasi imebadilishwa tangu hapo.

Kijana Mgeni
Shikamooni. Nina picha ya samaki bapa wa mwambani, mdomo mdogo. Mmoja kaniambia kangaja, mwingine puju. Hana pembe.

Mama Nyavu
Marahaba mwanangu. Pembe isikuzuge, puju wengine hawana. Tazama shina la mkia. Kangaja ana kisu kimoja kila upande, kinachokunjwa ndani ya mfuo. Puju ana vigao vigumu visivyokunjika, kwa kawaida viwili kila upande. Piga picha nyingine ya hapo kwa karibu, mapezi yametanuliwa na rula pembeni, uirushe tena.