Kisomo cha Jumamosi Goba, na lile jiko

WANA WA KOROGWE 🌴
Jumatano

Dada Tunu, 06:12
Assalaam alaykum ndugu zangu. Jumamosi tunaingia rasmi nyumba ya Hamisi, kisomo baada ya laasiri. Waliochanga: mimi, Mama Nasra, Mwana wa Muskati. Watu 23 humu mmekaa kimya kama hamna bando.

Dada Tunu, 06:13
Keki atapika Zai kwenye jiko jipya alilotuma Mwana. Trei 6. Ijumaa usiku ziwe tayari.

Mama Nasra, 07:40
Amin.

Kassim, 07:55
Mama Nasra kaitikia dua kabla haijasomwa 😂

Zai, 08:20
Shikamoo wifi. Jiko tulilijaribu jana usiku, oveni na pleti mbili. Kama nusu saa hivi, jikoni kukaanza kunuka samaki. Na sisi tulikula maharage.

Kassim, 08:22
Jiko la Muskati hilo, limekuja na papa wake ndani 🦈

Mwana (Muskati), 08:31
🤣🤣 Msinichekeshe niko kazini. Papa nilimtuma kwa shangazi, siyo humo.

Kassim, 08:32
Shangazi hajatugawia

Dada Tunu, 08:40
Samaki tumwache. Mchele nani anabeba?

Dada Tunu, 10:05
Nimeuliza mchele.

Salum, 13:47
Ndiyo natoka saiti. Shemeji Zai, hilo jiko limechomekwa wapi?

Zai, 13:50
Soketi ya karibu na friji. Lilikuja waya mtupu, fundi akalifunga plagi ya kawaida.

Salum, 13:51
Msiliwashe tena. Zima breka ya soketi kwenye meinswichi, ndiyo uchomoe. Usianze na plagi. Halafu nipigie picha miguu ya plagi.

Zai, 14:02
[Picha]
Mguu mmoja umegeuka kahawia. Na uso wa soketi umelegea kama mshumaa.

Salum, 14:04
Ndiyo samaki wako huyo. Plastiki ya soketi ikianza kuungua hunuka hivyo hivyo. Hamisi, nyuma ya jiko pana kibati, soma wati.

Hamisi, 14:30
7200W, 230V

Salum, 14:36
7200 gawanya kwa 230 unapata ampea 31 na ushei. Plagi ya kawaida mwisho wake 13, ni kama wati 3000 basi. Oveni peke yake ingeweza kuponea hapo, pleti juu yake haiwezi. Jiko kubwa huja bila plagi makusudi. Linataka njia yake lenyewe kutoka meinswichi: waya wa milimita 6, breka ya 32, na swichi yake nzito ukutani. Swichi ikae pembeni ya jiko, isikae juu yake. Siku mafuta yakishika moto mkono mtaupitisha wapi?

Kassim, 14:38
Kumbe miaka yote tunampa atengeneze pasi 😂

Hamisi, 14:45
Tailizi zimeshabandikwa mpaka juu.

Zai, 14:45
Tailizi hazivunjwi.

Salum, 14:47
Pengine hazitavunjwa. Kama waya umepita kwenye paipu na paipu ni nzima, tunafunga mpya kwenye mkia wa ule wa zamani tunavuta. Alizika paipu au waya mtupu kwenye plasta?

Hamisi, 14:52
Fundi aliletwa na Jafari. Yeye ndiye ajue.

Jafari, 16:05
Naona leo nimekumbukwa. Fundi aliomba waya wa 6, Hamisi akasema hela imeisha, tumia 2.5 kama wa soketi nyingine. Muulizeni.

Hamisi, 16:11
Nilisema kwa muda.

Dada Tunu, 16:12
Jafari, hata fundi wa choo ulimtetea hivi hivi na maji yanarudi mpaka leo.

Jafari, 16:13
Ya choo mnayakumbuka. Ya mabati ya mama hamyakumbuki.

Jafari, 16:15
🚫 Ujumbe huu ulifutwa

Kassim, 16:15
Nimeshausoma 👀

Dada Tunu, 16:16
Kassim!

Salum, 16:20
Jamani paipu ipo au haipo? Na eathi je, waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini?

Hamisi, 16:41
Nondo ya eathi ilikuwapo wakati tunavutiwa umeme. Mafundi wa baraza waliing'oa wakimwaga zege. Nilisema nitairudisha.

Salum, 16:43
Hamisi. Jiko ni chuma tupu. Waya ukigusa bodi, bila eathi breka inaweza isikatike kabisa, na Zai yuko peku kwenye sakafu iliyopigwa deki.

Baba Mkubwa, 20:31
[Sauti 0:41]

Dada Tunu, 20:39
Kwa wasio na bando, Baba Mkubwa anasema: "Korogwe tulikimbilia ndoo za maji, mtu akapiga kelele acheni, ni umeme, tukarudia mchanga. Mikono yangu mnaijua. Sikumlaumu mtu na leo simlaumu. Lakini nikifika Goba nikakuta jiko hilo limechomekwa, nitakaa nje na kisomo nitakisikilizia nje."

Zai, 20:50
Shikamoo Baba. Tumesikia.

Jafari, 20:58
Shikamoo Baba Mkubwa. Nimempigia fundi, anasema paipu aliweka. Ila kona ya dirishani hana hakika.

Dada Tunu, 21:02
Haya. Salum, Ijumaa.

Salum, 21:10
Ijumaa niko zamu Tanga. Jumamosi nikipanda basi la alfajiri nitafika mchana. Asiguse fundi mwingine asiye na leseni ya EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji. Eathi kwanza, jiko baadaye, hata likikaa wiki mbili.

Dada Tunu, 21:11
Na keki?

Bi Fatu, 21:20
Sufuria, mchanga chini, makaa juu ya mfuniko. Ninyi mmelelewa na keki gani?

Kassim, 21:21
Mchanga tena 🙊

Mwana (Muskati), 21:34
Pesa ya waya nitatuma nusu.

Dada Tunu, 21:36
Mita 18 kutoka meinswichi mpaka jikoni. Nusu ya pili nani? Hamisi?

Hamisi, 21:50
Mwisho wa mwezi.

Dada Tunu, 21:51
Jafari?

Dada Tunu, 22:14
Naona tiki za bluu.

Zai, 22:30
Shemeji Salum, soketi ya friji nayo nikiigusa ina joto kidogo. Ni kawaida?

Mama Nasra, 05:58
Mchele nitaleta kilo 5. Kwani kuna nini Goba?