Huyu mtu wa "wati elfu kumi" tumvumilie mpaka lini?

Wakuu, sitamtaja. Kila aliyewahi kuuliza habari za spika humu ndani anamjua. Uzi hauna hata dakika tano, keshatua na picha ya boksi lenye taa za rangi na stika kubwa kuliko boksi lenyewe: WATI 10,000.

Sasa hivi kuna mtu kauliza kistaarabu kabisa. Sebule ni mita 5 kwa 6, watu 25 wanataka kucheza, achukue spika gani? Swali limenyooka. Bwana mkubwa kajibu: "Besi ni wati. Hayo ya desibeli ni mbwembwe za wasioweza kununua kubwa."

Mbwembwe!

Desibeli, kipimo cha sauti yenyewe inayogonga sikio, ni mbwembwe. Muuza maziwa naye aseme lita ni mbwembwe, tununue ndoo kwa rangi yake.

Chukueni hizo wati zake. 10,000 gawanya kwa volti 230 unapata ampea 43. Soketi ya nyumbani hubeba 13, ikizidi sana 16. Boksi hilo lingekuwa linasema kweli, kabla wimbo wa kwanza haujafika kiitikio soketi ingekuwa imeyeyuka kama mshumaa na mtaa mzima uko gizani. Hiyo namba inaitwa PMPO, haina kanuni moja ya kuipima, kila kiwanda kinajipikia yake. Inayotafutwa ni RMS, nguvu ambayo spika inaibeba mfululizo bila koili, waya uliozungushwa ndani yake, kuungua. Boksi ambalo halijaandikwa RMS popote liache hapo hapo lilipo.

Na RMS peke yake haitoshi. Kuna namba ndogo nyuma ya spika au kwenye karatasi yake: desibeli inazotoa ikilishwa wati 1, ukipimia mita 1. Spika ya desibeli 86 inayobeba wati 200 inafika 109. Ya desibeli 96 inayobeba wati 50 tu inafika 113. Ina robo ya wati za mwenzake na bado inamfunika. Kila ukitaka desibeli 3 zaidi lazima wati ziwe mara 2, ukitaka 10 ziwe mara 10. Hizi ndizo mbwembwe?

Yule muulizaji alihitaji mistari miwili tu. Spika mbili za inchi 12 zenye amplifaya ndani, juu ya stendi. Kwa spika za aina hiyo asome upeo wa sauti, uwe desibeli 120 kwenda juu. Akitaka mdundo ule wa kugonga kifua aongeze sabufa moja, spika ya besi tu, akate masafa kwenye 80 au 100 Hz, ya chini ya hapo yaende kwenye sabufa, ili spika za juu zipumue. Basi. Badala yake kaambiwa hana uwezo.

"Za wasioweza kununua." Mtu kaomba ushauri, katukanwa umaskini!

KoniNgumu: Nakazia mkuu. Huyo huyo ndiye anayewafundisha watu kufungua sauti mpaka mwisho, eti spika ikianza kukwaruza ndiyo imepata moto. Kukwaruza ni amplifaya imeishiwa, vichwa vya mawimbi vinakatwa vinakuwa bapa. Sauti nyembamba zinaongezeka nguvu kupita kawaida na zote zinaishia kwenye twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, ambacho koili yake ni nyembamba kama unywele. Ndiyo maana amplifaya ya wati 30 inayopiga kelele inaua twita ya spika ya wati 100, halafu mtu anasema spika ilikuwa feki. Taa nyekundu ikianza kuwaka, rudisha nyuma. Sauti ya simu iache kwenye 80 au 90 kwa mia, zilizobaki ongezea kwenye amplifaya.

Fyuzi5A: Mleta uzi umepaniki, umeandika insha nzima kwa ajili ya neno moja. Halafu hiyo 113 yako ni ya mita 1. Nani anacheza amekumbatia spika? Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara 2 unapoteza desibeli 6. Ndani ya nyumba kuta zinarudisha kiasi, lakini mita 4 si mita 1.

Mleta uzi: Umbali unazipunguza spika zote mbili sawasawa, tofauti ya desibeli 4 inabaki pale pale. Na usilipunguze hilo "neno moja". Mtu kaambiwa vipimo ni vya watu maskini!

Fyuzi5A: Sawa, kunywa maji. Ila mtu akikuletea hoja ya kile kibao cha nyuma ya spika kinachoonyesha umeme inaotumia, mfano "60W", usikitegemee sana. Viwanda vingi huandika umeme unaotumika muziki ukilia kwa sehemu ya 8 ya nguvu yote, siyo ukifunguliwa mpaka mwisho.

MamaStendi: Nyie mnalia na wati, wakati kero kubwa ni wanaoweka spika sakafuni nyuma ya kochi! Unanunua spika nzuri halafu unaifunika na sponji na makalio ya wageni. Sauti nyembamba zinasafiri kama mwanga wa tochi, zikikutana na kitambaa au mwili zimekwisha. Waliosimama mbele wanaungua masikio, wa nyuma wanasikia mvumo wa jirani. Pandisha spika mpaka twita ipite vichwa vya watu waliosimama, kisha inamisha kidogo ielekee katikati ya wachezaji. Sabufa tu ndiyo ikae chini.

WayaNyekundu: Ya sakafuni ni afadhali. Wapi wanaogeuza waya? Spika moja nyekundu kwa nyekundu, ya pili nyekundu kwa nyeusi. Koni (ile sehemu inayotikisika) moja inasukuma, nyingine inavuta, besi zinauana hewani. Halafu unasikia "hizi spika hazina besi, tununue kubwa". Kupima ni kazi ya dakika 1. Chomoa waya kwenye amplifaya, shika betri ya volti 1.5 ile ndogo ya rimoti, gusisha chanya kwenye waya uliokuwa kwenye nyekundu ya amplifaya na hasi kwenye ule mwingine. Gusa na uachie. Koni kubwa itasikika "top", na ukiitazama kwa ubavu utaiona imeruka mbele kidogo. Ikirudi ndani, waya umegeuka njiani. Usifanye hivyo kwenye twita tupu.

BesiNzito: Na unene wa waya je? Watu wanafunga mita 10 kwa waya wa taa, 0.5 mm². Kwenda na kurudi ni mita 20 za shaba, karibu omu 0.7 za ukinzani. Kwenye spika ya omu 4, kama asilimia 15 ya nguvu inaishia kupasha waya joto. Weka 2.5 mm², inashuka mpaka kama 3. Na msiunganishe spika mbili za omu 4 sambamba kwenye tundu moja, hizo ni omu 2, amplifaya nyingi za nyumbani zinajizima au zinaungua.

KoniNgumu: Na hivi vispika vya Bluetooth vyenye koni ya inchi 3? Kwa sauti ndogo vina besi, ukifungua zaidi besi inatoroka, kwa sababu saketi yake inaikata isije ikang'oa koni. Sauti ikishuka oktava moja, yaani masafa yakiwa nusu, koni inatakiwa itembee mara 4 zaidi. Na spika mbili za inchi 6 hazifiki moja ya inchi 12, eneo la koni linataka ziwe nne.

Salama_K: Samahani wakuu, sabufa inanguruma vizuri mlangoni lakini katikati ya sebule, wanapochezea watu, besi hakuna. Tatizo ni wati?

MamaStendi: Siyo wati, dada. Chumba cha urefu wa mita 5 kina wimbi linalosimama, linalogonga kuta na kurudi juu ya lenyewe, kwenye kama 34 Hz, na katikati ndipo linapokufa. Beba sabufa uiweke hapo katikati wanapochezea, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha zunguka kando ya kuta umeinama. Pale utakaposikia noti zote zinalingana, ndipo pa kuiweka.

Mleta uzi: Kwa hiyo ile kauli ya mbwembwe tumeiacha hivi hivi?

Salama_K: Asante dada. Na sabufa zikiwa mbili?

WayaNyekundu: Zisogeze zitazamane, moja kila ukuta wa mwisho. Kisha kwenye moja geuza swichi ya 0 na 180, ile inayogeuza kusukuma kuwa kuvuta, mtu mwingine akiwa amesimama katikati. Iache upande ambao yeye anasikia besi imenenepa.