Naomba ushauri: mambo yamenyooka, maombi yamepoa

Mama wa Tukuyu: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mwaka 2021 mume wangu aliugua sana, akalazwa Mbeya mjini miezi miwili. Wakati ule saa tisa usiku niko macho, nimepiga magoti juu ya gunia, na baridi ya huku mnaijua. Jumatano na Ijumaa nafunga. Mungu akamponya. Sasa miparachichi inazaa, ada zimelipwa, sidaiwi. Na mimi nimepoa. Kanisani naenda, fungu la kumi natoa, lakini juzi nimefungua Biblia nikakuta risiti ya mbolea niliyoweka kama alama bado iko Zaburi ya 40, tangu mwezi wa tatu! Sitaki mpaka tupatwe na jambo ndipo nirudi magotini. Nifanyeje?

Binti Sayuni: Usijihukumu dada, huu ni wakati wa kushukuru tu.

Mama wa Tukuyu: Kushukuru nashukuru mpendwa, ila ni maneno mawili na usingizi umeshanichukua.

Dereva wa Kitonga: Dada, naendesha lori. Kupanda mlima Kitonga kila dereva yuko makini. Kazi ni kushuka. Gari linakwenda lenyewe, mtu anashawishika kutoa gia, kuachia free, aokoe mafuta. Breki zikishapata moto hazishiki tena. Sisi tunashuka na gia nzito toka juu kabisa, kabla mteremko haujakolea. Rudisha funga ya Jumatano, hiyo moja tu kwanza.

Mzee wa Rungwe: Mwanangu, soma 2 Samweli 11. Daudi akiwindwa na Sauli mapangoni alikuwa akimuuliza Bwana. Alianguka dhambini akiwa kwake Yerusalemu, jeshi liko vitani, yeye anaamka kitandani jioni. Na sisi Wamoraviani tuna habari ya Herrnhut, Ujerumani. Waumini wa pale walikuwa wamegombana sana, wakapatanishwa Agosti 1727. Furaha ikiwa bado mbichi, mwezi uleule, wanaume 24 na wanawake 24 wakagawana saa za kuomba, usiku na mchana. Zamu ile ikaendelea zaidi ya miaka 100. Waliiweka wakati wa amani, mwanangu. Usingoje moyo uwake, na usikeshe peke yako. Tafuta mama mmoja mpeane saa.

Mama wa Tukuyu: Asante baba. Nimeongea na jirani yangu, amekubali. Jumatano saa kumi na moja alfajiri, tunaanzia hapohapo kwenye risiti. Gunia nimelianika.